Viraka 9, miti mitano: mfululizo unaogusa MFD, regulator, GPIO, input na dts upite kwa nani?

kiraka_tisa ameuliza:

Habari za kazi wakuu. Nina mfululizo wa viraka 9 vya kerneli ya Linux vinavyoleta kiendeshi cha chipu moja ya kusimamia umeme inayoongea kwa I2C. Tuiite xyz. Ndani yake kuna regulator (vidhibiti volti), pini za GPIO (za kuingiza na kutoa ishara) na kitufe cha kuwashia (mfumo wa input). v1, yaani toleo la kwanza nililotuma, ilipangwa hivi (mfd ni mfumo wa chipu zenye kazi nyingi, dts ni faili linaloeleza vifaa vya ubao, dt-bindings ni kanuni za kuandika dts):

```
1/9 dt-bindings: regulator: xyz
2/9 dt-bindings: mfd: xyz
3/9 mfd: xyz (kiendeshi mama + include/linux/mfd/xyz.h)
4/9 regulator: xyz
5/9 gpio: rekebisho kwenye msimbo wa pamoja
6/9 gpio: xyz
7/9 input: xyz-pwrkey
8/9 MAINTAINERS
9/9 arm64: dts: ubao unaotumia xyz
```

Viraka 4, 6 na 7 vyote vina-include xyz.h inayozaliwa kwenye kiraka cha 3. Msimamizi wa regulator amejibu kwamba cha 4 hakijengeki kwenye mti wake (hazina yake ya git). Msimamizi wa GPIO ametoa Reviewed-by kwa cha 6, ila hajasema kama atakichukua. Wa MFD ana maoni madogo tu. Leo tuko rc4, toleo la nne la majaribio.

Maswali yangu: (a) niugawe mfululizo au niuache mmoja? (b) uingie kwa mti wa nani? (c) bado kuna muda kwa dirisha lijalo (wiki 2 za kuingiza kazi mpya kwenye kerneli kuu)? (d) na ikiwa siku moja ni kubadilisha funksheni inayotumiwa na miti thelathini, utaratibu ni huu huu?

---

mizizi_64:

Mkuu, kabla ya kuuliza mti wa nani, tazama viraka vyako vinategemeana kwa namna gani. Kuna kutegemeana kwa kujenga: bila cha 3, cha 4 hakikompailiki. Kuna kutegemeana kwa kufanya kazi: kinajengeka, ila bila mwenzake kifaa hakiamki. Na kuna kutegemeana kwa uhakiki: `make dt_binding_check` inalia kwa sababu faili lililotajwa kwenye `$ref` halipo. Aina ya kwanza ndiyo inayolazimisha viraka vya viendeshi visafiri pamoja. Aina ya pili hailazimishi chochote, kwa kuwa miti yote itakutana kwa Linus Torvalds ndani ya wiki 2 zilezile za dirisha. Aina ya tatu inahusu viraka 1 na 2 tu: bindings za mtoto ziende na za mama kwenye mti mmoja, basi.

Sasa rudi kwenye cha 4. Kama Kconfig yako (faili la kuchagua kinachojengwa) ingekuwa hivi:

```
config REGULATOR_XYZ
	tristate "XYZ PMIC regulators"
	depends on MFD_XYZ
```

msimamizi wa regulator asingeona kosa lolote. MFD_XYZ haipo kwenye mti wake, Kconfig inaihesabu alama isiyojulikana kuwa `n`, kiendeshi hakichaguliki, na faili halifikiwi na kompaila. Kwa hiyo kama kwake kimevunjika, karibu hakika umeandika `depends on MFD_XYZ || COMPILE_TEST`. Yeye anajenga kwa allmodconfig (usanidi unaowasha karibu kila kitu kama moduli), na humo COMPILE_TEST huwa `y`. Mlango wa pembeni umebaki wazi, kompaila imeingia, na xyz.h haipo.

Toa `|| COMPILE_TEST`. Ukitaka utairudisha mzunguko unaofuata, mama akishakuwa kwa Linus. Baada ya hapo 4, 6 na 7 vinaweza kuchukuliwa kila kimoja na msimamizi wake, bila tawi la pamoja na bila kusubiriana.

Cha 5 kitoe kwenye mfululizo leo hii. Ni rekebisho la hitilafu iliyopo tayari, hivyo kinastahili kuingia kwenye rc inayoendelea badala ya kusubiri dirisha. Kitume peke yake kikiwa na mstari wa `Fixes:` wenye herufi 12 za komiti iliyoleta hitilafu, na kama iko kwenye matoleo yaliyokwisha kutoka weka pia `Cc: stable@vger.kernel.org`. Rekebisho likizikwa katikati ya kazi mpya, watu wa stable hawawezi kulirudisha nyuma bila kuburuta vitu ambavyo hawavihitaji.

---

tawi_refu:

Ujanja wa Kconfig unafanya kazi, lakini una bei yake ambayo mizizi_64 hakuitaja. Kiraka cha 4 kikiingia mti wa regulator huku MFD_XYZ haipo, pale hakikompailiwi na mtu yeyote. Si msimamizi, si roboti ya 0-day inayojenga matawi ya wasimamizi. Nukta-mkato ikikosekana itaonekana mara ya kwanza kwenye linux-next, miti ikishaunganishwa. Wapo wasimamizi wanaolikubali hilo na wapo wasiotaka kabisa kupokea msimbo wasioweza kuujenga. Kwa kiendeshi kipya chenye mama na watoto watatu, mimi napendelea 1 hadi 8 (bila cha 5) vipite mti wa MFD kwa tawi lisilobadilika. MFD wamezoea utaratibu huu. Majina ya matawi yao ya aina hiyo huanza na `ib-mfd-`.

Tawi hilo hulitengenezi wewe. Anayefanya ni msimamizi wa MFD, na kwa upande wake kazi ni hii (b4 ni zana ya kuchukua viraka kutoka barua pepe):

```
git checkout -b ib-mfd-gpio-input-regulator v6.18-rc1
b4 shazam <message-id ya barua ya utangulizi>
make allmodconfig && make -j$(nproc)
git tag -s <jina la lebo>
git push <mti wake> <jina la lebo>
git request-pull v6.18-rc1 <anwani ya mti> <jina la lebo>
```

Angalia msingi: ni `-rc1` tupu. Hauwi tawi lake la for-next lenye kazi za watu wengine. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Msimamizi wa GPIO akivuta tawi lililoota juu ya for-next ya MFD, anabeba viraka 80 visivyomhusu, na Linus akiviona kwenye ombi la kuvuta la GPIO ataomba maelezo. Juu ya rc1 tupu, anayevuta anapata viraka hivi saba tu.

Na likishatiwa saini halibadilishwi. Hakuna ribesi (kuhamishia komiti kwenye msingi mwingine), hakuna kuongeza Reviewed-by iliyochelewa, hakuna kusahihisha tahajia kwenye ujumbe wa komiti. Faida yote ya tawi hili ni kwamba miti mitatu inabeba komiti zilezile zenye SHA (vitambulisho) zilezile, kwa hiyo zikifika kwa Linus kwa njia tatu git inaona ni kitu kimoja. Msimamizi mmoja akiribesi, SHA zinabadilika na historia inabeba kila kiraka mara mbili. Kama mistari ni ileile muungano unaweza kupita kimya kimya. Upande mmoja ukiigusa tena mistari hiyo baadaye, mgongano unaanza. Kosa likionekana baada ya saini, dawa ni kiraka kipya juu yake.

Tena, wasimamizi wa GPIO na regulator hawalazimiki kulivuta. Wanalivuta tu kama wana kazi nyingine mzunguko huu inayogusa mistari hiyohiyo. Vinginevyo wanatoa Acked-by na kuendelea na mambo yao.

Hapo tufike kwenye Reviewed-by uliyopewa. Inasema amekisoma na hana pingamizi la kiufundi. Haisemi "kipeleke kwa mti mwingine". Acked-by ya mwenye eneo ndiyo inayosomwa hivyo, na hata hiyo ni vizuri iambatane na sentensi. Muulize moja kwa moja kwenye jibu la kiraka cha 6: utakichukua, au kipite MFD kwa Acked-by yako? Barua ya utangulizi ya v2 iwe na aya ya namna hii, kwa Kiingereza bila shaka (namba ni mpya, baada ya cha 5 kutoka):

> Viraka 4 hadi 6 vinahitaji xyz.h kutoka kiraka cha 3 ili vijengeke. Pendekezo: 1 hadi 7 vipite mti wa MFD baada ya kupata Acked-by za regulator, GPIO na input. Kiraka cha dts hakitegemei chochote wakati wa kujenga. Nitakituma kwa mti wa SoC (chipu kuu ya ubao) bindings zikishaingia.

Bila aya hiyo kila msimamizi anadhani mwenzake atachukua. Mfululizo unakaa wiki tano ukiwa na Reviewed-by kila mahali na hakuna aliyeuingiza.

---

kiraka_tisa:

Asanteni sana. Ni kweli, Kconfig ina `|| COMPILE_TEST` mahali pote patatu. Cha 5 kimeshatoka peke yake.

Nimekwama kwenye dts. Kiraka cha 9 kina-include `dt-bindings/regulator/xyz.h` kwa ajili ya namba za modi za buck (aina ya regulator), na faili hilo linaletwa na cha 1. Kwa hiyo hata dts haijengeki peke yake. Nayo ipite MFD?

---

mizizi_64:

Hapana. dts haipiti mti wa kiendeshi. Wasimamizi wa SoC hawataki, kwa sababu mafaili hayo yanaguswa na watu wengi kila mzunguko na migongano inakuwa yao. Una njia mbili. Ya kwanza: msimamizi wa SoC avute tawi lisilobadilika, ambalo lina bindings ndani yake. Kwa kichwa chenye mistari kumi hiyo ni nyundo kubwa kwa msumari mdogo. Ya pili, ndiyo inayotumika zaidi: andika namba tupu mzunguko huu.

```
regulator-initial-mode = <1>;
```

halafu rc1 ijayo tuma kiraka kidogo kinachoweka jina mahali pa namba. Matokeo ya dtc (kompaila ya dts, inayotoa .dtb) ni yaleyale, baiti kwa baiti, na ndivyo utakavyothibitisha: jenga .dtb kabla na baada, kisha `cmp`.

Kumbuka pia kwamba kiendeshi kipya lazima kivumilie dts ya zamani, maana dtb inaweza kukaa kwenye firmware ya ubao na isisasishwe pamoja na kerneli. Kama mpangilio wako unadai dts na kiendeshi viingie siku moja la sivyo ubao hauwaki, tatizo ni la muundo wenyewe. Hakuna mti utakaokuponya hapo.

---

jenga_kila_kitu:

Nyongeza upande wa kujaribu, kwa sababu v1 kuvunjika kwa msimamizi ni kitu kinachozuilika kwa saa moja ya mashine.

Kila kiraka lazima kijengeke kikisimama mahali pake kwenye foleni, si mfululizo mzima tu. Siku mtu anatafuta hitilafu kwa `git bisect` atatua katikati ya mfululizo wako, na kiraka cha 3 kisipojengeka bila cha 4 unamharibia kazi ambayo wala haikuhusu. Hakikisha hivi:

```
git rebase -x 'make -j$(nproc) ARCH=arm64 \
  CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu- W=1 \
  drivers/mfd/ drivers/regulator/ drivers/gpio/ drivers/input/misc/' v6.18-rc1
```

Kujenga saraka nne ni haraka, ila kuna shimo: EXPORT_SYMBOL (tangazo linaloruhusu moduli nyingine kutumia funksheni) iliyosahaulika haionekani hapo. Inaonekana hatua ya modpost (ukaguzi wa moduli), mwisho kabisa, na tu kama viendeshi ni moduli. Kwa hiyo kwenye ncha ya tawi fanya allmodconfig kamili mara moja, kwa arm64 na kwa x86.

Kisha jaribu kuunganisha na linux-next ya siku hiyo. linux-next, iliyoanzishwa na Stephen Rothwell mwaka 2008, hukusanya matawi ya wasimamizi yanayolenga dirisha lijalo na kuyaunganisha upya kila siku ya kazi. Itumie kama uwanja wa majaribio pekee. Usiifanye msingi wa viraka vyako: ya kesho haitokani na ya leo, na anayepokea kiraka chenye msingi huo hana pa kukisimamisha.

```
git config rerere.enabled true
git config merge.conflictStyle zdiff3
git checkout -b jaribio next-<tarehe>
git merge --no-ff tawi-lako
```

Mgongano wa maandishi usikuogopeshe. Kwa viendeshi vipya karibu kila mara unatokea kwenye Kconfig, Makefile na MAINTAINERS, kwa sababu watu wawili wameongeza mstari mahali pamoja. Fuata alfabeti badala ya kubandika mwishoni na mingi itatoweka. rerere inakumbuka ulivyotatua, ukirudia kesho inajaza yenyewe.

Wa kuogopa ni mgongano ambao git haiuoni. Mfano halisi: kwenye 6.13-rc2 jina la eneo la alama ndani ya EXPORT_SYMBOL_NS_GPL na MODULE_IMPORT_NS lilibadilika kutoka neno tupu kuwa maandishi ndani ya alama za nukuu. Mabadiliko yaliingizwa kwa mkupuo mti mzima, makusudi mara tu baada ya rc1, wakati miti ya wasimamizi bado mitupu. Hata hivyo, kiendeshi kilichoandikwa juu ya rc1 kikisema

```
MODULE_IMPORT_NS(FOO);
```

kiliungana bila mgongano wowote, maana hakuna aliyegusa faili hilo jipya, halafu kikagoma kujengeka. Ndiyo maana baada ya `git merge` kupita safi bado unajenga. Ukigundua kitu cha namna hii, usiburute rc mpya ndani ya tawi lako ili kuficha. Mwambie msimamizi, naye atakitaja kwenye ombi lake la kuvuta pamoja na mistari ya kusahihisha. Linus mara nyingi hupenda kutatua mwenyewe, ila anataka awe ameonywa.

Kuhusu muda: mzunguko mzima ni wiki 9 au 10. Wiki 2 ni dirisha, zilizobaki ni rc1 hadi rc7, mara nyingine rc8. Uko rc4, hivyo wasimamizi wengi watapokea kazi mpya mpaka rc6 hivi, na wengine hufunga mapema. Tuma v2 wiki hii. Ikivuka rc6 bila Acked-by, tulia usubiri rc1 inayofuata, uribesi juu yake ndipo utume. Kutuma ndani ya dirisha hakusaidii: netdev (watu wa mtandao) hufunga mti wao wa net-next rasmi kipindi hicho, na miti mingine inakuacha tu ukae kwenye foleni.

Na v2 ikitoka, weka `git range-diff` kati ya v1 na v2 kwenye barua ya utangulizi. `b4 trailers -u` itakukusanyia Reviewed-by na Acked-by zilizokuja, usizinakili kwa mkono. Kiraka ambacho umekibadilisha sana kiondolee Reviewed-by ya zamani na useme umeiondoa.

---

tawi_refu:

Nijibu (d), maana halijaguswa. Utaratibu si huu. Mabadiliko ya funksheni inayotumiwa na miti thelathini hayasafiri kama mfululizo mmoja hata kidogo. Barua ya utangulizi yenye wapokeaji 200 inazuiwa na orodha nyingi kabla haijasomwa.

Mfano mzuri wa kusoma kwenye historia ni timer_setup(). Zamani kitendaji cha taimu kilipokea `unsigned long`. Ilitakiwa kipokee `struct timer_list *`. Kees Cook na wenzake walipitisha msingi peke yake, komiti 686fef928bba, na uliingia 4.14-rc3. Yaani funksheni mpya ilikuwa kwa Linus katikati ya mzunguko, bila mtumiaji hata mmoja kubadilishwa kwa mkupuo. Tangu hapo kila mti ukiwa na msingi wa rc3 au baadaye uliweza kupokea viraka vyake wenyewe, kimoja kimoja, bila tawi la pamoja na bila kumsubiri jirani. Ujumbe wa viraka hivyo ulisema wazi kwamba vinahitaji komiti hiyo iliyoko v4.14-rc3 na kwamba vinginevyo vinasimama peke yao. Viliingia dirisha la 4.15. Vilivyobaki bila mwenyewe vilikusanywa na kupelekwa mwishoni mwa dirisha lilelile, kabla ya 4.15-rc1, pamoja na kuondoa setup_timer() ya zamani.

Kwa hiyo ongeza mpya, hamisha watumiaji, ondoa ya zamani. Na kati ya hatua hizo kila toleo linajengeka. Hatua ya kuhamisha inayojirudia iandike kwa Coccinelle (zana ya kubadilisha msimbo kwa kanuni), na uweke hati hiyo ya .cocci ndani ya ujumbe wa komiti, ili msimamizi aiendeshe mwenyewe kwenye mti wake ambao huenda una watumiaji wapya ambao wewe huwaoni.

Hatua ya mwisho ndiyo inayouma. Kati ya siku uliyohesabu watumiaji na siku ya kuondoa, mtu ataongeza mtumiaji mpya wa funksheni ya zamani kwenye mti ambao huufuatilii. Fanya `git grep` kwenye linux-next, usiishie kwa Linus, na uirudie asubuhi ya siku ya kutuma ombi. Jina la zamani likiwa bado limebaki mahali pamoja tu, tuma kiraka hicho kwa mwenye mti, na kuondoa kuahirishwe hadi dirisha linalofuata.